Nilimuumbua Binamu, Nikamuua Hoos

Kosa ni langu, na ubaya wake ni kwamba nililifanya nikicheka! Msinionee huruma. Nilikaa jikoni kwangu hapa Garissa nikapanga namna ya kumwaibisha mtoto wa baba yangu mdogo mbele ya ulimwengu, na nilifurahia kila dakika ya kupanga.

Tumuite Idris. Si jina lake, lakini akisoma atajijua, na ninataka ajijue.

Idris ana kibanda karibu na soko la mifugo, anauza filamu kwenye flashi. Filamu ni za Kizungu, yeye anaweka sauti ya Kisomali juu yake. Iliyompa umaarufu ni tamthilia moja ya zamani ya anga za mbali, nahodha na watu wake wanazurura kati ya nyota. Ilitengenezwa kabla hata mama yangu hajaolewa. Huku kwetu watu waliipenda kushinda mpira.

Sasa sikilizeni. Ile tamthilia imejaa makosa! Sijui walioitengeneza walikuwa na haraka au walidhani hakuna atakayetazama mara mbili. Chombo cha angani kinapita, uzi unaokishikilia unaonekana. Mlango unaojifungua wenyewe, ukitazama vizuri utaona vidole vya mtu vinauvuta. Jiwe kubwa linamwangukia nahodha, linadunda kama sifongo. Mfalme wa sayari fulani ana zipu mgongoni! Na maikrofoni, ile nyeusi ya kuning'inizwa, inachungulia kutoka juu karibu kila sehemu.

Idris alitaka kuiacha. Alisema watu watatucheka. Mimi ndiye niliyemwambia, "Tutayafunika kwa maneno."

Kiingereza ninakijua mimi, yeye anabahatisha. Kwa hivyo tulifanya kazi hivi: mimi naketi nyuma yake na rimoti, nasimamisha picha, namwambia sentensi kwa Kisomali, naye anaisema kwenye kinasa sauti. Sauti yangu haikuweza kutumika. Baba alikataa katakata sauti ya binti yake izungushwe sokoni, nami sikubishana naye.

Zipu ya mfalme nikaifanya kovu la vita. Jiwe likidunda, nahodha wetu anasema mawe ya sayari hii hayana uzito, alhamdulillahi. Uzi ukawa kamba ya mwanga, chombo kinavutwa nayo kama ngamia anavyovutwa. Na maikrofoni! Ile niliipa uhai. Nikamwita Hoos, yaani kivuli, kiumbe asiyesema neno, anayemlinda nahodha kutoka juu. Kila alipochungulia nahodha alimsalimia: "Hoos, umekuja? Basi leo hatufi."

Jamani, watu walimpenda Hoos! Kutoka Wajir hadi Elwak walikuwa wakiuliza, leo atatokea? Kuna mzee wa Wajir alimpa ndama wa ngamia jina hilo.

Nilichotaka mimi kilikuwa kimoja tu. Mwisho wa kila sehemu Idris aseme, "Maneno ni ya dada yangu." Hata jina sikuomba. Mwanzoni alisema. Baadaye akawa anasema mbiombio, kisha akaacha kabisa. Nilipomuuliza, akaniambia amesahau.

Halafu redio ya hapa ikamwita. Mimi nilikuwa napika anjera, redio iko dirishani. Mtangazaji akamuuliza Hoos alitoka wapi.

"Wallahi, alinijia tu kichwani," Idris akasema.

"Na tunasikia kuna dada mnafanya naye kazi?"

Akacheka. Nilikisikia kile kicheko! "Abaayo, dada yangu? Yule hushika rimoti."

Anjera iliungua na sikuigeuza.

Sikumpigia simu. Sikulia. Sikwenda kwa wazee, ingawa wangemtoza xaal, ile faini ya kumvunjia mtu heshima, na ingekuwa haki yangu. Sikutaka haki. Nilitaka aumie!

Nikachukua tamthilia ya asili, yenye Kiingereza chake, bila neno letu hata moja. Nikakata makosa yote, nikayaunganisha, kila moja nikalizungushia duara jekundu. Uzi. Vidole. Zipu. Maikrofoni ikashuka, nahodha hata hakuinua macho, maana kwake hapakuwa na Hoos wala nini. Juu nikaandika: Hiki ndicho Idris anachowauzia. Nikatuma kwenye kila kundi la simu nililomo, hata la ukoo, nikaenda kunywa chai.

Kufikia adhuhuri vijana wa bodaboda walikuwa mbele ya kibanda chake. "Waryaa, wewe Maiki! Hoos ako wapi leo, ama ameenda chaji? Ulituuzia maiki, buda!" Alifunga mapema. Mimi siku hiyo nilipika pilau ya mbuzi kama ya Idi, nikala nikicheka peke yangu.

Wateja wakakatika. Siku chache baadaye akaja mlangoni kwangu, amekonda uso.

"Abaayo, najua ni wewe."

"Mimi? Mimi hushika rimoti tu."

Wallahi, sijawahi kusema sentensi tamu kama ile! Alinitazama, akasema, "Sawa," akaondoka. Nilidhani nimemmaliza.

Kumbe alikuwa anaelekea redioni, kwa mtangazaji yuleyule. Akaongea kwa unyenyekevu kama mtu anayetoka kuhiji. "Nimekuja kuomba radhi," akasema. "Nilijichukulia sifa isiyo yangu. Mimi nilikuwa sauti tu. Aliyetunga Hoos, aliyetunga kamba ya mwanga, aliyewafunika macho miaka yote hii, ni binamu yangu." Akanitaja. Jina langu, jina la baba yangu, jina la babu yangu!

Nilisimama palepale jikoni nikisikia sifa yangu yote ikitangazwa, na hakuna neno hata moja la uongo ambalo ningeweza kulikanusha. Mshenzi yule alinipa nilichotaka.

Baba alizima redio yake akatoka nje. Mpaka leo hajanigusia habari hiyo, na ananisalimia kama anavyowasalimia wageni.

Lakini simu iliyoniua ilitoka Hulugho, kwa habaryar wangu, mdogo wa mama yangu, anayechunga mbuzi huko. Yeye ndiye aliyenilea mama alipokuwa mgonjwa.

"Ni kweli ni wewe uliyemtunga Hoos?"

"Ni mimi, habaryar." Na nitaungama na hili pia: nilijivuna kidogo nikisema.

Akasema, "Wanawake wote wa hapa wanakuja kwangu kumtazama. Akitokea tunapiga vigelegele. Kwa hivyo wewe ulitudanganya, halafu ukarudi kutucheka kwa kuwa tulikuamini?"

"Sikuwacheka nyinyi! Nilikuwa namcheka Idris."

"Idris hakumwamini Hoos, binti yangu. Sisi ndio tuliomwamini."

Akakata. Nimempigia tangu wakati huo, hashiki.

Idris siku hizi anauza filamu za Kihindi, ana msichana mwingine anayeketi nyuma yake na rimoti. Sijamsamehe na sitaki mtu anisihi nimsamehe. Nikisikia biashara yake imelala, nalala vizuri. Lakini katika kazi yote ile, kitu kilichokuwa changu kilikuwa ni kile kilichofunika makosa, na ndicho nilichokivua mbele za watu kwa mkono wangu.

Kwa hivyo wewe uliyeonewa, unayesoma haya ukiwa na video tayari na kidole juu ya simu, sikukatazi kulipiza. Mimi ni nani hata nikukataze? Ila kabla hujatuma, waulize moyoni mwako watu wote watakaoifungua, mmoja mmoja kwa jina, kama na wao walikukosea. Mimi nilimfikiria mtu mmoja tu. Video ilimfikia habaryar kabla ya kumfikia yeye.