Dalmas Anunua Mita ya Leza

Ieleweke kwa wananchi wote, kwa mujibu wa tangazo lililotolewa na idara inayohusika mapema mwaka 2009 na kubandikwa kwenye mbao za matangazo ambako lilisomwa na watu waliokuwa wakisubiri mambo mengine, kwamba kalamu za leza zenye kibandiko cha onyo hazizidi nguvu ya miliwati tano. Na kwamba, kwa kiwango hicho, jicho la mwananchi lina uwezo wa kujilinda lenyewe kwa kupepesa.

Dalmas alilisoma tangazo hilo mpaka kwenye mhuri. Kazi yake ilikuwa kusaga lenzi katika duka la miwani la Moiz, kule Parklands, na mtu anayeshinda akisaga kioo hadi kikubaliane na karatasi ya daktari huanza, pole pole, kuamini kwamba kila kitu duniani kina karatasi yake mahali fulani. Nyumbani kwake Waithaka alikuwa na uraibu mmoja tu, na kwa kuwa haukuwa pombe wala kamari, mkewe hakuwa na pa kumshtaki. Alifungua kalamu za leza, akatoa kilichomo, akaunda vitu.

Kitu bora alichowahi kuunda kilikuwa zawadi. Mkewe, Ndunge, alikuwa fundi wa mapazia. Nyumba za kupanga zilikuwa zikiota Waithaka kila upande, kila dirisha jipya linataka pazia, na pazia lililokatwa kombo mpangaji hulirudisha hata kama dirisha lenyewe ndilo lililojengwa kombo. Dalmas alichukua kalamu ya kijani aliyoinunua mjini, akaipachika kwenye rafu juu ya meza ya kukatia, na mbele yake akaweka kijiti cha kioo kutoka karakana ya Moiz. Mwanga ulitoka kwenye kalamu ukiwa nukta, ukapita kwenye kijiti, ukalala mezani ukiwa mstari mmoja mrefu, ulionyooka kuliko rula. Ndunge alitandika kitambaa, akaufuata mstari ule kwa mkasi wake mkubwa wa chuma, kichwa kikiwa kimeinama upande kama ilivyo desturi yake. Wanawake wa mtaa walikuja kutazama, wengine wakiwa hawana hata dirisha la kutaja.

"Huyu bwana anakupenda," walimwambia.

"Ananipenda na betri," akajibu Ndunge, bila kuinua kichwa.

Kisha baridi ikaingia. Waithaka iko juu, na ikifika Juni hata jua likitoka huonekana limetoka kwa kulazimishwa. Mstari wa kijani ukaanza kufifia. Dalmas alifanya ambalo mtu yeyote angefanya: aliongeza moto. Ndani ya kalamu mlikuwa na skrubu ndogo ya kupandisha na kushusha umeme. Akaizungusha kidogo, mstari ukarudi. Ukafifia tena, akaizungusha tena. Kufikia mwisho wa mwezi skrubu ilikuwa imefika mwisho wa safari yake, na mstari ulikuwa na rangi ya mchicha uliosahauliwa jikoni. Hakuona sababu ya wasiwasi. Taa inayofifia ni taa inayochoka, na hakuna mtu anayeogopa kitu kilichochoka.

"Baba Ivyne," Ndunge alimwambia asubuhi moja akipika chai, "kuna kitu kwa jicho langu."

"Kitu gani?"

"Kadoa. Nikiangalia kifungo, kifungo hakuna. Nikiangalia kando yake, kinarudi."

"Ni moshi ya jiko hiyo, Mama Ivyne. Na hii baridi."

"Moshi inachagua vifungo?"

Dalmas akapuliza chai yake.

"Ni hiyo taa yako," akasema Ndunge.

"Hiyo ni miliwati tano. Imeandikwa."

"Imeandikwa na nani?"

"Na wenye kuitengeneza."

"Si hao ndio wanauza?"

Hapo ndipo Dalmas alipoamua kununua mita. Kwenye mtandao, katika saibakafe ya mjini ambako alikuwa akipita baada ya kazi, alikuwa amegundua kwamba wapo wanaume wa uraibu wake kila pembe ya dunia, wengi wao wakiwa na wake, na kwamba baadhi yao hutengeneza mita za kupimia nguvu ya leza na kuwauzia wenzao. Kifaa chenyewe ni kisanduku chenye kioo cha nambari, na waya unaokwenda kwenye kibati kidogo kilichopakwa rangi nyeusi. Mwanga ukipiga kibati, kibati hupata joto. Joto linageuzwa kuwa nambari. Hakiangalii rangi. Hakisomi kibandiko.

Alimwendea Moiz, kwa kuwa Moiz alikuwa na kadi ya benki inayokubalika ng'ambo.

"Ngoja kwanza," Moiz akasema, akiivua miwani yake mwenyewe. "Mama haoni kifungo, na wewe nataka mita?"

"Ndiyo, mdosi."

"Dalmas, sisi nauza macho hapa. Mlete. Mimi naangalia, nikishindwa napeleka yeye hospitali hapo ng'ambo ya barabara."

"Nitamleta. Nataka tu kujua kwanza kama kuna sababu."

"Jicho ndio iko na sababu, bwana," akasema Moiz. Lakini alitoa kadi.

Si haki kusema kwamba Dalmas hakumjali mkewe. Alimjali kiasi cha kushindwa kulala. Ila mtu anayetaka kujua huwa tayari kupokea nambari yoyote, na Dalmas alikuwa na nambari aliyoitaka. Alitaka tano. Akiipata tano, kadoa kangekuwa moshi, na moshi haukuwa kazi ya mikono yake. Ndiyo maana katika wiki zote za kungoja kifurushi hakuuzima mstari. Kuuzima kungekuwa sawa na kukiri kabla kesi haijasikilizwa. Ndunge naye alikuwa na oda ya mapazia ya ploti nzima ya nyumba za kupanga huko Mutuini, na mume mwenye kusoma mihuri alikuwa amemwambia hakuna neno. Akaendelea kukata.

Kifurushi kilifika katikati ya Julai, katika ofisi ya vifurushi mjini. Karani aliyekuwa dirishani aliitwa Kivuva. Alikifungua, akakigeuzageuza kibati.

"Hii ni mita ya stima?"

"Hapana, ni ya leza."

"Leza iko wapi?"

"Iko nyumbani."

"Sasa leza iko nyumbani, mita iko hapa. Unapima nini?"

"Nikifika nyumbani ndio nitapima."

"Unapima nini?"

"Mwanga. Nguvu yake."

Kivuva akatazama balbu iliyokuwa juu ya dawati lake, akatazama mita, kisha akaonekana kuamua kwamba kuna mambo ambayo mshahara wake hauyafikii. "Mwanga nao siku hizi unapimwa," akasema, akagonga mhuri. "Haya, mzee, enda upime."

Jumapili baada ya kanisa Dalmas aliweka mita kwenye meza ya kukatia. Ndunge alivuta kiti, akaketi nyuma yake, mikono kifuani. Nambari zilianza kupanda kabla kalamu haijawashwa, na Dalmas akashtuka, mpaka alipotambua kwamba mita ilikuwa ikipima joto la kiganja chake mwenyewe. Akakishika kibati kwa koleo. Akangoja nambari zitulie kwenye sufuri. Akaondoa kijiti cha kioo, akawasha.

Nukta iliyoangukia kibati ilikuwa hafifu, ya kijani kisicho na ari. Nambari zilipanda pole pole, kama mtu anayepanda ngazi na gunia. Zikapita tano. Zikapita hamsini bila kupumzika. Zilipofika mia mbili na kumi na kidogo zikasimama.

"Hiyo ni ngapi?" akauliza Ndunge.

"Ngoja. Inaweza kuwa imeharibika."

Mfukoni alikuwa na kipande cha kioo ambacho Moiz alikitoa kwenye mashine kuukuu ya kuonyeshea slaidi, kioo cha kuzuia joto, kinachopitisha mwanga unaoonekana na kuunyima njia usioonekana. Alikiweka mbele ya kalamu. Kwa macho, nukta haikubadilika hata kidogo. Kwenye mita ikashuka mpaka kumi na nne.

Dalmas alikaa akiitazama ile kumi na nne. Alikuwa amesoma haya yote katika saibakafe na kuyapita, kama mtu anavyopita habari ya mafuriko ya nchi nyingine. Ndani ya kalamu ya kijani hakuna kijani. Mna mwanga usioonekana, unaolazimishwa kupita kwenye fuwele ndogo, na humo ndimo unamogeuka kijani. Palipo na baridi fuwele hugoma. Mwanga usiogeuzwa hutoka vivyo hivyo, na kama mtengenezaji, kwa ubahili, hakuweka kichujio, hakuna wa kuuzuia. Kila alipoona kijani kinapungua na kuongeza moto, alikuwa akiongeza kile kingine. Na jicho hupepesa kwa kinachoonekana tu.

"Kumi na nne ndiyo unaiona," akamwambia mkewe hatimaye.

"Na hiyo ingine yote?"

"Hiyo huioni."

Ndunge akainuka. Alikirudisha kijiti cha kioo mahali pake, akachukua mkasi wake, akaupanua juu ya mstari, akasimama anavyosimama siku zote, kichwa kimeinama. "Sasa pima hapa," akasema, akimwonyesha mahali.

Dalmas alielewa. Akamwomba asogee, akazungusha mkasi taratibu kama unavyozunguka mkononi mwa mtu anayekata, na kukishika kibati hewani, pale palipokuwa na jicho la kushoto la mkewe. Ubapa wa chuma ukang'aa, ukiurusha mwanga juu. Nambari zikapanda. Safari hii hakuzisoma kwa sauti.

"Umeenda mpaka ng'ambo," Ndunge akasema, "kuuliza kitu nilikuambia hapo jikoni."

"Mama Ivyne..."

"Utaizima, ama niizime mimi?"

Dalmas aliing'oa pamoja na rafu.

Kesho yake Moiz alilifunga duka mapema akawapeleka mwenyewe hospitalini, na njia nzima hakumkumbusha Dalmas neno lolote alilowahi kumwambia, jambo ambalo Dalmas aliliona zito kuliko kama angemkumbusha. Daktari alitazama kwa muda mrefu. Kulikuwa na kovu dogo katikati ya jicho la kushoto. Halitakua, alisema. Alipoulizwa kama litapona, alieleza tena kwamba halitakua.

Mwezi wa Agosti Dalmas alibeba mita hadi kwenye idara inayohusika. Alipokelewa kwa heshima, akapewa kiti. Afisa aliitazama mita kwa hamu ya kweli, akaiwasha, akaipimia kiganja chake, akafurahi. Kisha akauliza mita yenyewe ilikaguliwa na nani. Dalmas alisema ilitengenezwa na mtu wa ng'ambo, nyumbani kwa mtu huyo. Afisa alisikitika. Kwa mujibu wa utaratibu, mita isiyokaguliwa haiwezi kutoa nambari, na ukaguzi ungewezekana pindi idara itakapopata mita.

Ndunge alimaliza oda ya Mutuini kwa chaki na kamba, na hakuna mpangaji aliyerudisha pazia. Kazi imeongezeka tangu hapo. Wakati wa kutunga uzi kwenye sindano, hulifumba jicho la kushoto.