Migomba ya Kwamboka

Siku yangu ya kwanza kazini, Kisii mjini, Afisa wa Ustawi wa Jamii alivitazama viatu vyangu kabla ya kunitazama usoni. Nilikuwa na visigino virefu na shahada ya sosholojia. Vyote viwili vingekuja kuzama katika matope ya Manga.

"Madam," akasema, "kazi yetu si ngumu. Mwanamke akipigwa, tunakaa na wazee, tunakunywa soda, anarudi kwa bwana yake."

Nilicheka nikidhani anatania. Kreti ya soda ilikuwa nyuma ya mlango.

Jambo hilo tuliliita upatanisho. Mume anaomba msamaha mbele ya watu, mke anaambiwa avumilie mbele ya watu hao hao, na mbavu zinaachwa zipone zenyewe. Nilipinga kwa maneno mengi ya chuo kikuu. Afisa alinisikiliza kwa heshima zote, kisha akanihamishia Nyacheki, nikawapingie wakulima wa chai.

Baadaye nilipelekwa Nyamira, kwenye nyumba salama, yaani makao ya wanawake waliokimbia kipigo, ambayo mahali pake hapatajwi. Mratibu wetu pale alikuwa mama mchapakazi mwenye imani moja tu maishani: cherehani. Kila mwanamke aliyeondoka alipewa moja, akapigwa picha nayo, akahesabiwa kuwa amejitegemea. Hakuna aliyeuliza ataiweka wapi.

Hapo ndipo nilipomjua Kwamboka. Mumewe alikuwa amemvunja mkono. Ulipounga, alikataa katakata kurudi kwake, akaenda kwao Manga, kwa mamake mjane. Baada ya muda tulikwenda kumwona. Kazi hiyo huitwa ufuatiliaji: unaangalia kama mtu anaishi, si kama anapumua tu.

Tulimkuta amesimama uani, ana hasira. Kaka yake Ombati, mzee wa kanisa, alikuwa amemruhusu kulima sukuma wiki na maharagwe. Kwamboka akapanda migomba.

Ninyi mliozaliwa kwenye maghorofa, niwaeleze. Maharagwe ni mgeni: yanakomaa, yanavunwa, yanaondoka. Mgomba ni mwenyeji. Unazaa, unaacha watoto, na watoto wanaacha wajukuu. Binti aliyeolewa akipanda mgomba katika shamba la babake, amesema hatoki. Kwamboka aliipanda Ijumaa. Jumamosi Ombati akaongoza maombi ya Sabato. Jumapili akaing'oa yote, akailaza mlangoni kwa dada yake, mizizi juu.

"Katiba inampa dada yako haki sawa na wewe," nilimwambia Ombati alipokuja uani.

"Hiyo Katiba ni yenu ya mjini, Madam. Huyu ni mgeni hapa. Tulipokea mahari, ng'ombe za watu."

"Zilienda wapi?" Kwamboka akadakia. "Si ulizitoa ukaoa mke wako? Basi mrudishe kwao leo, na mimi nitarudi kwa bwana yangu kesho."

Mke wa Ombati, aliyekuwa akianika mahindi, aliinamisha kichwa. Mabega yake yalitikisika, na sidhani alikuwa akilia.

Mratibu alinivuta kando. "Tusiharibu uhusiano wetu na jamii," akaninong'oneza. "Tumtafutie chumba pale Keumbu. Cherehani anayo."

Nilitamani kupiga kelele. Ombati ndiye jamii, na dada yake ni nini? Mvunjaji wa mkono alikuwa amelala kwake, kwenye kitanda chake, na sisi wasomi tulikuwa tukimtafutia aliyevunjwa mahali pa kujificha.

Aliyemaliza maneno ni Mama Ombati, yule mjane aliyewazaa wote wawili. Alitoka jikoni na jembe, akapita katikati yetu kama tunavyopita katikati ya kuku, akachimba.

"Ombati," akasema bila kuinuka, "hii migomba napanda mimi. Ing'oe nikikuangalia."

Ombati alinigeukia mimi, eti nimsaidie. Kisha akakumbuka ana kikao kanisani.

Nilistaafu mapema. Niliagwa kwa keki, na Mratibu akanisifu kwa wanawake niliowawezesha. Sasa vijana wa idara hunialika nizungumzie mafanikio. Nawaambia cherehani haina paa wala mpaka, nao wanapiga makofi kwa adabu, halafu wanaagiza nyingine.

Juzi nilipanda kilima cha Manga kwa viatu vya raba. Migomba imezaana imeficha nyumba. Cherehani iko jikoni, kuku anaatamia juu yake. Mama Ombati hawezi tena kushika jembe, na Ombati ni mtu mwenye subira.

"Siku mama akilala asiamke, itakuwaje?" nikamuuliza Kwamboka.

Alikuwa ameinama juu ya vifuko vya plastiki vilivyojaa miche. Nilidhani ni sukuma.

"Ni chai, Madam," akasema. "Hii huishi miaka mia. Mvua ikianza, naipanda mpaka mlangoni kwa Ombati. Na mara hii nachimba mwenyewe."