Herufi Nilizobandika Kwenye Gari

Aibu hii ninayo tangu siku tulipokwenda kumposea mdogo wangu, na kwa kuwa ukoo mzima unaisimulia kwa kuiongezea chumvi, bora niiseme mwenyewe, mnicheke mara moja yaishe.

Nina kigari. Ni vile vyeupe vidogo ambavyo ukisimama barabarani pale Misugusugu unaviona vinapita kimoja nyuma ya kingine, cha mwalimu, cha nesi, cha muuza mitumba, na changu mimi muuza vipodozi. Nilikipenda sana mpaka siku muuza vipuri mmoja aliponiambia kwamba gari hilihili huku kwetu linaitwa hivi, Ulaya wanaliita vingine, Marekani nako wakalipa jina lao, yaani gari ni lile lile ila kila soko na jina lake, halafu akanionesha herufi za kung'aa za lile jina la Ulaya, za kubandika nyuma. Nikanunua. (Msiniulize kwa nini. Ukishachoka kufanana na kila mtu, akili inakuwa si yako.) Nikabandua jina la zamani, nikabandika jipya, na kila aliyeuliza nikamwambia gari langu lilitengenezwa kwa ajili ya Ulaya, bati lake zito, injini yake nyingine kabisa. Nikasema na kusema mpaka mwenyewe nikaanza kuamini.

Sasa mdogo wangu Idrisa akapata mchumba, Mwajuma, binti wa Masaki (Masaki ya Kisarawe, ya mihogo na mikorosho, siyo ile ya matajiri wa mjini). Kwa kuwa mwanamume haendi kujiposea, tukatumwa watatu: mimi dereva, Shangazi Tatu, na mshenga wetu Mzee Kondo, kanzu yake imenyooshwa pasi mpaka imekakamaa. Njiani Mzee Kondo akatuonya kwamba wale watu walishamrudisha mposaji mmoja aliyekuja na gari kubwa akadai ni lake, kumbe la kukodi. Gari halikuwaudhi, alisema, uongo ndio uliowaudhi, kwa hiyo sisi twende kama tulivyo. Nikaitikia vizuri tu, huku nimeshika usukani wa gari langu la Ulaya.

Tulipofika tukaamkia, tukapokewa, na Mzee Selemani, baba mkubwa wa binti, akalizunguka gari polepole akasoma nyuma. Akasema mbona linafanana na vile vigari vya kila mtu. Hapo, jamani, ningecheka nikasema ndivyo, habari ingeishia palepale. Badala yake nikasikia mdomo wangu unasema hapana baba, hili ni la Ulaya. Mzee Kondo akakohoa.

Bibi yake Mwajuma, Bi Mwanahawa, ndiye mwenye neno la mwisho katika nyumba ile. Jua lilikuwa kali, magoti yanamsumbua, akasema kama gari ni la Ulaya basi auonje ubaridi wake kidogo wakati majamvi yanatandikwa. Nikamkalisha kiti cha mbele kwa heshima zote, nikaacha injini inanguruma, kiyoyozi kinapuliza, funguo mahali pake, nikafunga mlango, nikaenda kumsaidia shangazi kubeba kapu la vitu tulivyoleta. Nyuma yangu nikasikia "tak". Bibi alikuwa amebonyeza kale kakitufe ka mlangoni, na milango yote ikajifunga.

Majamvi yakatandikwa, watu wakakaa, bibi hayupo, na bila bibi posa haisemwi. Ikabidi tutoke wote kwenda kumfungulia. Nikamwonesha kwa kidole kupitia kioo, pale bibi, bonyeza pale. Akabonyeza honi. Nikamwonesha tena, akawasha waipa, zikawa zinapangusa kioo kikavu huku yeye akizitazama kwa furaha. Mara ya tatu akagusa redio, akaizungusha sauti mpaka mwisho, akatoka mwanamke mmoja anayeongea harakaharaka kwa adabu nyingi (gari lile lilikuja naye, na mpaka leo sijui anataka nini).

Mzee Selemani akatega sikio, akaniuliza hiyo ni lugha gani. Nafasi ya pili hiyo ya kusema kweli, na mimi nikajibu Kijerumani.

"Kijerumani?" akasema Shangazi Tatu, tena kwa nia njema kabisa, maskini. "Si yule Mjapani wako unayegombana naye kila asubuhi?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Mzee Kondo, akitaka kuokoa jahazi, akaenda nyuma ya gari akaanza kulitikisa kwa mikono miwili (sijui alidhani bibi atadondoka kama korosho), na kwa kuwa jua lilishalainisha gundi, alipotoa mkono herufi mbili zilikuwa kiganjani. Akajipangusa kwenye kanzu. Zikahamia kifuani, zikabaki hapo zinang'aa.

Mzee Selemani akazitazama herufi, akanitazama mimi, akageuka akawaambia wanawake wakunje majamvi. Hapo sikuona tena cha kuchekesha. Nilimfikiria Idrisa aliyebaki Ruvu kwenye bustani yake, simu mkononi, anasubiri jibu, na posa ya mtu mwema ilikuwa inakufa kwa sababu ya herufi zangu.

Ndipo nikasikia tena "tak". Mlango ukafunguka, Bi Mwanahawa akashusha mguu mmoja chini, ametulia tuli. Kumbe kakitufe alikajua tangu mwanzo, alikuwa anamalizia ubaridi wake.

"Mjukuu wangu," akaniambia, "gari hili la Ulaya kweli?"

"Hapana, bibi. Ni lile lile la kila mtu. Herufi nimebandika mwenyewe."

"Na huyo mdogo wako umembandika nini?"

Nikamwambia kwamba Idrisa hajabandikwa kitu. Analima mchicha na bamia Ruvu kwenye shamba la kukodi, nyumba yake bado haijaezekwa upande mmoja, anakoroma mpaka majirani wanalalamika, na tangu amjue Mwajuma amekuwa anaimba akimwagilia, anaimba vibaya sana. Sikupanga kusema yote hayo, yalitoka tu.

Bibi akacheka mpaka akashika goti. Akasema huyo anamtaka, majamvi yakunjuliwe, ila siku ya harusi kiti cha mbele ni chake, na yule mwanamke asizimwe.

Kwa hiyo mdogo wangu ameoa, bibi alipanda mbele, Mjapani aliongea njia nzima. Nami niliapa sitabandika tena jina kwenye kitu chochote, hata kopo la chumvi. Herufi nilizibandua siku ileile. Shida ni gundi. Imeng'ang'ania pale nyuma, na kila nikipita njia ya vumbi, vumbi linanasa juu yake, jina lile la Ulaya linajiandika upya, kubwa na wazi kuliko zamani. Ndiyo maana mkinikuta naosha gari naanzia nyuma.