Mikono Yangu na Mama Mkwe

Ee Mungu wa rehema, nakushukuru kwa kunibakizia kumbukumbu, hata ile ambayo siku ile ilinitia haya.

Katika miaka ya tisini, nilipokuwa nikilima mahindi kule Kwanza, karibu na Kitale, mama mkwe wangu kutoka Bungoma alipasuliwa macho Nairobi. Miwani yake ilikuwa ikitengenezwa ndani ya jengo kubwa la maduka, lenye sinema juu na uwanja wa watoto kuchezea. Tulipofika, mke wangu alikimbia mbele kuwahi duka la miwani lisifungwe. Akaniachia mama yake.

Kwa desturi yetu, mkwe hamkaribii mama mkwe. Kwa miaka kumi na miwili ya ndoa sikuwahi kumpa mkono wala kumtazama usoni. Akiwa na neno, alilipitisha kwa mtu mwingine. Haikuwa chuki, ilikuwa heshima, nayo hulegezwa siku mkwe anapompelekea blanketi mbele ya wazee. Mimi nilikuwa bado. Kila mavuno nilisema mwaka ujao.

Basi nilitangulia hatua kadhaa, nikikanyaga kwa kishindo ili afuate sauti ya viatu vyangu. Tukafika kwenye zile ngazi zinazopanda zenyewe. Askari wa mlangoni akatuonyesha lifti.

"Mama, ingia huku na kijana wako."

"Huyu si kijana wangu, ni mkwe!" mama akamkaripia. "Unifungie naye kwa sanduku? Wewe hukuzaliwa na watu?"

"Pole, mama. Basi panda hizo, hata huchoki."

Nilipanda kwanza. Nilipogeuka, mguu wake mmoja ulikuwa umeshachukuliwa na ngazi, na mwingine ulikuwa umebaki sakafuni. Alikuwa anakwenda chali. Sikufikiri. Niliteremka mbio, nikamkumbatia kwa mikono yote miwili, nikamvuta kifuani.

"Woi! Niachilie, mkwe!" alilia. Ngazi zikazidi kupanda. "Usiniachilie!"

Huko juu aliketi kwenye benchi, akajifunika uso kwa leso. Nilisimama mbali, chini ya picha za sinema, nikiomba kimyakimya. Niliogopa kwamba hatakanyaga tena nyumbani kwetu, na kwamba mke wangu atampoteza mama kwa ajili ya mikono yangu.

Mke wangu akaja, akamsikiliza mama yake akieleza, akamvisha miwani. Mama akatazama taa, akatazama vioo vya maduka, akaitazama mikono yake mwenyewe, mbele na nyuma. Kisha akanitazama mimi. Nikainamisha kichwa.

"Kumbe ana mvi!" akamwambia bintiye. "Miaka hii yote nilidhani nimekuoza kwa kijana."

Mke wangu alicheka mpaka akashika ukuta.

"Mwambie alete blanketi, na Desemba isipite," mama akaendelea. "Nimeshikwa kabla ya blanketi. Wazee wakisikia watadai na mbuzi."

Halafu, ukiacha kile kilio cha kwenye ngazi, kwa mara ya kwanza tangu nioe kwake, akasema nami bila kumpitia mtu.

"Na wewe, baba, asante. Ningevunjika."

Nawe unayesoma, Bwana akuwekee karibu mikono ya kukudaka unapoteleza, na akujalie moyo usioona haya kushikwa. Amina.