Jiwe Nililomtupia Nyange

Nilipokuwa mtoto wa miaka kumi nilimpiga jiwe jamaa yangu, na kwa wiki tatu baada ya hapo niliamini kwamba nitawazamisha wasichana wote wa darasa letu.

Jamaa huyo alikuwa nyange, yule ndege mweupe anayefuata ng'ombe malishoni. Kila ukoo wa Wahaya una mwiko wake, omuziro tunauita, mnyama au kitu ambacho watu wa ukoo hawakidhuru wala hawakili. Wetu ulikuwa nyange. Nyumbani, kijijini Ijumbi, hilo lilikuwa jambo la kawaida kama jina la baba. Shuleni, chini ya picha ya Mfalme wa Uingereza, Mwalimu Naomi alitufundisha kuwa hayo ni mambo ya wazee, na Priska, aliyekaa nyuma yangu, akayageuza mchezo. Nyange akitua uwanjani, aliniita: "Koku, njoo umsalimie shangazi yako."

Siku moja aliniwekea jiwe mkononi. "Kama si shangazi yako, tupa."

Nilitupa. Lilimpata bawani. Wasichana walicheka, nami nikacheka pamoja nao. Kicheko hicho kinanisumbua kuliko jiwe lenyewe.

Jioni nilimwambia bibi. Alikuwa akimenya ndizi. Alimaliza ile iliyokuwa mkononi, akaiweka chunguni, ndipo akasema.

"Ziwa ni la Mugasha, mungu wa maji na tufani, na nyange ni wageni wake. Usipande mtumbwi mpaka ulitamke jambo hili mbele ya watu na mbele ya nyange wenyewe. Ukinyamaza, utazama na wenzako."

Sharti hilo ningeweza kuishi nalo. Nyumba yetu ilikuwa migombani, mbali na maji, na sikuwa nimewahi kupanda mtumbwi. Lakini siku chache baadaye Mwalimu Naomi alitangaza safari. Tungeshuka hadi kijiji cha wavuvi kando ya ziwa, tuone mitumbwi ya zamani ambayo mbao zake zimeshonwa kwa kamba, kisha tuvuke kwenda kwenye mwamba wa ndege. Darasa zima lilipiga makofi. Mimi nilihesabu siku zilizobaki.

Asubuhi ya safari bibi alinifungia kahawa ya kutafuna katika kipande cha jani la mgomba. Kwetu mgeni hukaribishwa kwa kahawa hiyo kabla ya kitu kingine. "Mpe mwenye mtumbwi," alisema, akarudi jikoni.

Tulikuwa wasichana kumi na wanne. Tulishuka mteremko tukiimba, na ziwa likatokea ghafla chini yetu. Kijijini samaki waliopasuliwa walikuwa wameanikwa juu ya nyasi. Ndege weusi walisimama kwenye miti ya nyavu, wamekunjua mabawa yakauke. Ng'ambo kulikuwa na mwamba mmoja, mweupe juu. Nilidhani umepakwa chokaa. Kisha weupe ule ukasogea.

Mwenye mtumbwi aliitwa Mzee Rwiza, mtu mrefu mwenye kofia ya kitambaa. Alituonyesha mishono ya chombo chake, akatuacha tuiguse. Halafu akasimama kati yetu na maji.

"Kabla hatujaingia. Kuna mwenye neno na ziwa?"

"Mzee, hawa ni watoto wa misheni," Mwalimu Naomi alisema.

"Ziwa halikuuliza dini, mwalimu. Limeuliza neno."

Mwalimu alitabasamu, akatupa ishara tupande. Wenzangu walikuwa wameshakunja sketi zao. Mimi nilibaki mchangani.

"Mimi ninalo," nilisema.

"Koku, nyamaza," Priska alininong'oneza. "Tumetembea tangu alfajiri. Ukisema, hatuvushwi."

Nilijua hilo. Nilijua pia kwamba nikinyamaza hatufiki.

"Nilimpiga nyange jiwe. Na nyange ni mwiko wetu."

"Sema ukiuelekea mwamba," Mzee Rwiza alisema. "Huko hawajasikia."

Nilirudia kwa sauti yote niliyokuwa nayo. Ndege hawakuruka.

"Lilimpata?"

"Bawani."

"Akafa?"

"Siku ya tatu aliruka."

"Ulikuwa peke yako?"

Priska alikuwa akitazama vidole vya miguu yake.

"Jiwe lilikuwa moja," nilisema, "na mkono ulikuwa wangu."

Nilimpa kahawa. Alitafuna punje moja, akatupa nyingine majini, akaniuliza jina la babu yangu mzaa baba. Nilipolitaja alianza kuhesabu kwa vidole, akakosea, akaanza upya. Kisha akacheka mpaka akakohoa.

"Nyange ni mwiko wangu pia. Baba wa babu yangu na babu yako ni wa baba mmoja: wangu kifungua mimba, wako kitinda mimba wa mke wa mwisho. Baba zetu hawalingani, mtoto wewe. Wewe ni dada wa baba yangu."

Akavua kofia. Mtu mwenye mvi akainama mbele ya msichana wa miaka kumi, akanipa kwa Kihaya salamu ya mdogo kwa mkubwa.

"Shangazi haachwi ufukweni," aliwaambia wenzangu. "Wala hakai nyuma."

Alinikalisha mbele kabisa. Kisha akauliza, "Shangazi, hawa wote ni wako?"

"Ni wangu."

"Na huyu anayelia?" Akamwonyesha Priska kwa kidole.

"Huyo akae karibu yangu."

Tulivuka. Priska alishika sketi yangu njia nzima. Tulipoukaribia mwamba ndege weusi walitawanyika, lakini nyange walibaki, wakageuza shingo kututazama, wengi kuliko nilivyoweza kuhesabu. Wakati wa kurudi wasichana walipiga ubao wa mtumbwi kama ngoma, na Mwalimu Naomi mwenyewe ndiye aliyeanzisha wimbo. Wanawake wa ufukweni wakaupokea kwa vigelegele. Priska aliruka majini wa kwanza, akafungua njia kwa mikono miwili.

"Pisheni," alisema. "Shangazi anashuka."

Nimefanya kazi ya magazeti miaka mingi, na najua kuulizia upande wa pili. Upepo wa ziwa lile huchacha mchana, nasi tulivuka asubuhi. Nyange wa pale walikuwa wamezoea mitumbwi. Baba yangu, nilipomsimulia, alisema hajawahi kusikia habari za ndugu huyo wa babu. Huenda Mzee Rwiza aliona mtoto anayetetemeka, akamtungia ukoo papo hapo.

Bibi aliuliza jambo moja tu: "Ulisema kwa sauti?"

"Mara mbili."

"Basi."

Ilikuwa habari yangu ya kwanza kuitoa hadharani, na mkosaji aliyetajwa ndani yake alikuwa mimi. Tangu hapo sijaogopa sana habari nyingine yoyote.

Priska sasa ana vitukuu, anaishi Rwamishenye. Hunipigia simu kila Jumapili baada ya ibada. Jina langu analijua, lakini tangu siku ile hajalitumia.