Nilimjengea dada yangu asiyeona mtaa wetu wa Kasongo kwa sauti tupu, akapotelea kwenye sombe

Wakuu, wenye umri shikamooni, wengine mambo?

Hii imenitokea mwenyewe na mashahidi wapo. Mimi ni fundi simu hapa Kasongo, DRC. Wabongo mkiona Kiswahili kinayumba, nivumilieni, nimejitahidi kukinyoosha.

Nina dada, binti wa mama mkubwa, anaitwa Feza. Macho yalimpotea ukubwani, baada ya ugonjwa. Alitaka kitu kimoja tu: atoke nyumbani mpaka sokoni peke yake, bila kushikwa mkono. Kila akisema hivyo mama mkubwa analia, eti pikipiki zitamgonga. Mazungumzo yanaishia hapo.

Sasa mimi huwa natengeneza vigemu kwenye laptop. Nikawaza, si nimjengee njia nzima humo ndani, bila picha hata moja? Unavaa earphone, unabonyeza kwenda mbele. Mashine ya kusaga ikiwa kushoto, unaisikia sikio la kushoto. Ukiikaribia sauti inapanda. Ukigonga ukuta inalia "ko!"

Mama mkubwa akakubali kwa shingo upande: Feza akifika sokoni humo kwenye gemu mara tatu bila kupotea, tutaongea.

Nikazunguka na simu kurekodi kama kichaa. Stendi ya pikipiki, fundi baiskeli akigonga rimu, watoto wa shule wakikariri.

Kwenye nyumba za njiani, mchana wanawake wanatwanga sombe (kwenu mnaita kisamvu). Nikarekodi kinu kimoja, cha Mama Zaina, nikakibandika kwenye nyumba zote sita. Copy, paste. Nikajiona injinia kabisa!

Feza akavaa earphone. Dakika mbili, kapotea. Anazunguka tu.

"Munaona?" mama mkubwa akasema. "Hata ndani ya mashine anapotea."

Lakini Feza akavua earphone, akacheka mpaka akashika mbavu.

"Weye, sababu gani Mama Zaina iko anatwanga kwa nyumba ya kila mutu?"

Nikamwambia kinu ni kinu.

"Hapana! Mama Zaina anatwanga mbio, kisha anapumuzika. Kwa mwalimu, bibi yake (yaani mkewe) na binti yake wanapokezana, michi mbili. Kinu ya Mama Sifa ilipasuka, inalia kikavu. Sasa mimi nitajua niko wapi?"

Miaka yote hiyo mimi sombe naijua ikiwa kwenye sahani tu!

Kesho yake nikapita nyumba kwa nyumba kuomba watu watwange. Nilichekwa mtaa mzima. Mama Sifa aliniuliza kama nimekuja kurekodi au kutafuta bibi. Nikarekodi vinu vyote sita, nikarudi mbio.

Feza akafika sokoni. Mara ya kwanza. Ya pili. Ya tatu! Nikaruka mpaka laptop nusura ianguke.

Mama mkubwa akakataa. "Mashine inamudanganya. Leta."

Akavaa yeye, mwenye macho yake mawili. Ko! Ko! Akaingia stendi ya pikipiki, akapiga kelele huku ameshikilia kiti. Nilicheka nikatoka nje, nikarudi.

"Maman, unasikia nini?" Feza akamuuliza.

"Michi mbili."

"Sikio gani?"

"Ya kuume."

"Ni kwa mwalimu. Geuka kule, usiogope."

Akamwongoza hivyo hivyo, kinu kwa kinu, mpaka sokoni. Mama mkubwa akavua earphone.

"Sabuni imeisha," akamwambia Feza. "Enda ulete."

Feza akachukua fimbo yake kabla mama hajabadili mawazo.

Tukabaki tumekaa. Mama mkubwa kafumba macho. Nje kinu kimoja kikanyamaza kidogo, kikaendelea. Kisha kingine, mbele zaidi. Wanawake walikuwa wanaacha kutwanga kidogo ili wamsalimie Feza.

"Sasa iko kwa Mama Sifa," mama mkubwa akaniambia, anacheka na machozi yanamtoka.

Nilichojifunza: ukitaka kumjengea mtu njia, kwanza muulize yeye anaisikiaje. Mimi niliijenga kwa macho yangu.

Wataalamu wa sauti, nina swali. Mvua ikinyesha hakuna anayetwanga, nimwekee nini? Shusheni mawazo, na mnaotaka kunicheka pia ruksa, Mama Sifa ameshawatangulia.