Mita Sita za Mzee Koleo

Zilikuwa zimebaki wiki mbili Mzee Koleo, fundi umeme wa shule, astaafu, ndipo akapewa kazi ya kumalizia: kuunganisha jengo la zamani, lenye maktaba, na jengo jipya la kompyuta kwa kebo ya faiba. Na msimamizi wa kazi nani? Mwalimu wa kompyuta, binti yake wa kumzaa! Mzee akavimba kichwa wiki nzima, hasalimiki.

Bomba la kupitishia kebo lilikuwepo chini ya ardhi. Alilifukia mwenyewe miaka ishirini na tisa nyuma, enzi za waya wa simu. Binti akachukua ramani ya zamani, akapima, akaagiza mita tisini, kebo ikaja imeshafungwa vichwa kiwandani.

"Baba, ramani yako niiamini?"

"Unaniuliza mimi?" akang'aka.

Siku ya kuvuta, kichwa kilipotokeza maktaba, mkia ulikuwa umeishia nje ya jengo jipya. Mita sita zimepungua. Nayo faiba ni uzi wa kioo, husokoti ukafunga na utepe ukaenda zako.

"Mwalimu, ulipima kwa macho?" Mwalimu mkuu alifoka mbele ya watu. "Uko kwenye majaribio, halafu unatuletea haya? Leo hii naandika barua kwa bodi."

Binti aliuma mdomo. Moyo ukampiga paa Mzee Koleo, maana alijua. Bomba halikunyooka. Mwaka ule alipokuwa akichimba, mkutubi mgeni alitoka maktaba mbio, viatu mkononi, akasimama mbele ya tuta lake la maua. "Ukichimba hapa, nifukie na mimi." Fundi akacheka, akalizungusha bomba. Jioni akachora kwenye ramani mstari ulionyooka kama rula, bosi asije akamkaripia.

Mwaka uliofuata wakaoana. Jamani, walipendana wale! Akaja kumzika mkewe, binti yao akiwa na miaka miwili, na tangu hapo mdomo wake akaufunga. Mtoto akiuliza habari za mama, jibu lilikuwa moja: "Kula kwanza." Hakuwa na ubaya. Alikuwa akiogopa kulia mbele ya mtoto, basi.

Sasa angenyamaza mpaka lini?

"Mwalimu mkuu, mwache. Ni mimi. Ile ramani ni ya uongo."

"Uongo wa nini, mtu mzima wewe?"

"Wa mapenzi."

Watu wakaangua kicheko. Mzee hakucheka. Akaeleza yote, ya tuta, ya viatu, ya rula.

"Basi barua ni yako," mwalimu mkuu akasema, ukali umempungua.

"Andika, mkuu. Nitaisomea nyumbani, nafasi ninayo."

Watu wakatawanyika. Mzee akakunja waya wa kuvutia, akingoja binti amgombeze kwa aibu aliyompatia. Kebo nyingine itaagizwa lini, nani atailipia, hayo aliyatarajia. Binti alikuwa ameketi ukingoni mwa shimo, amejikumbatia magoti, wala kebo haitazami.

"Baba," akasema. "Sauti ya mama ilikuwaje?"

Mzee Koleo akaketi karibu naye. Machozi yakamtoka, na safari hii hakuyaficha.

"Nyembamba," akamwambia. "Lakini akikuita, ukiwa upande wa pili kule, unaisikia."